Babula Moja, Sufuria Tatu

Ukitaka kujua Bukavu, mashariki mwa Kongo, inakula nini, usianzie soko la Kadutu wala kwenye hoteli za Muhumba zinazotazama Ziwa Kivu. Anzia uani, penye babula. Ni jiko la bati la kuchomea makala, yaani makaa, lile ambalo watu wa pwani wangeliita seredani, na katika nyumba nyingi za mji huu ndilo jiko lenyewe, moja tu, la kulisha watu wanane au kumi. Sufuria ni tatu, pengine nne. Moto ni mmoja. Mpishi hupiga hesabu yake hapo kabla hajafikiria chumvi.

Maharagi hutangulia asubuhi, makala yakiwa bado mapya. Yakilainika yanateremshwa na kufunikwa, yamalizikie kwa joto lake yenyewe, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, inapanda. Sombe ikishatulia inapisha kikaango: ngumi moja ya makala inaongezwa, mtoto anaitwa apepee, na samaki wanakaangwa haraka kabla moto haujazubaa. Bugali unafunga kazi, maana bugali haungoji mtu. Ukipoa umekwisha, na mgeni aliyechelewa atapewa kipande chenye ngozi ngumu na hatakuwa na wa kumlaumu.

Kinachokera ni kwamba mji wenyewe umekaa mlangoni mwa umeme. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapo hapo Bukavu, na bwawa la Ruzizi I limekuwa likifua umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II ikaongezwa mwaka 1989. Lakini umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, huja kwa zamu, leo mtaa huu, kesho ule, na hata siku ya zamu hauna nguvu ya kuchemsha maharagi. Wenye plati ya umeme huitumia kuwekea vikombe. Kwa hiyo makala hushuka kila siku kutoka milima ya Kabare na Kalehe, na magunia mengine, jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayeliuliza, hutoka kwenye miti ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, nyumbani kwa sokwe wakubwa wa nyanda za chini. Makala yakipanda bei, cha kwanza kupungua mezani si nyama, kwa kuwa nyama haikuwepo kila siku. Ni maharagi. Maharagi ni chakula rahisi sokoni na ghali jikoni.

Sababu ya kuipa Bukavu sura nzima ni hii. Lamu inaweza kukuambia pilau yake imetoka kwa nani na nani, ukoo kwa ukoo. Bukavu haiwezi. Mji ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1901, ukaitwa Costermansville kwa muda, ukajazwa na watu kutoka kila upande: Washi wa milima ya karibu, Warega wa msituni, Wahavu wa visiwani, Wabembe na Wafuliiru wa kusini, watu wa Maniema, watu wa Kasai, Wanyarwanda, Warundi. Karibu kila kitu kilichomo katika sufuria zake kililetwa, na vingine vililetwa juzi tu. Kilicho cha Bukavu ni mkono, na moto ule mmoja unaoufundisha huo mkono.

Chukua sambaza. Hakuna chakula ambacho mtu wa Bukavu aliye mbali hukitaja upesi kama hiki, kidagaa cha fedha chenye urefu wa kidole, na ukimwambia samaki huyo ni mgeni katika Ziwa Kivu kuliko babu yake anaweza kukasirika. Lakini ndivyo ilivyo. Kivu lilikuwa ziwa maskini wa samaki, aina zake hazikufika 30, na kule katikati, mbali na ukingo, hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea majini. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Mbelgiji mmoja, Collart, alileta vifaranga kutoka Ziwa Tanganyika na kuvimwaga. Zilikuwa aina mbili. Ile ambayo watu wa Uvira na Kigoma huijua zaidi kama ndagala au dagaa, Stolothrissa, ilipotea. Ile nyingine, Limnothrissa miodon, ikashika. Isingefika yenyewe kamwe: Ruzizi inateremka kutoka Kivu hadi Tanganyika karibu mita 700, kwa maporomoko, na hakuna dagaa wa kupanda ngazi hiyo. Miaka michache baadaye ndugu zake walipelekwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, ambako leo huitwa kapenta na watu wa huko nao huapa kwamba ni wao.

Uvuvi mkubwa ulianza kushika kasi mwishoni mwa miaka ya 1970. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa nguzo ndefu, wavu ukining'inia kati yake, na usiku taa huwashwa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai. Sasa ni taa za betri na za jua. Wavuvi hupiga makasia wakiimba, na jioni ukiwa kwenye kilima cha Nguba au Nyawera unawasikia kabla hujawaona. Mwanga huvuta vijidudu, vijidudu huvuta samaki, na wavu unapandishwa. Hila hii ina adui mmoja: mwezi mpevu. Ziwa zima likiwa jeupe, taa ya mvuvi haina maana, na wengi hukaa nyumbani. Mama anayekuambia sambaza zimepanda bei kwa sababu ya mwezi hasemi ushirikina, anakupa taarifa ya soko.

Ununuzi hufanyika asubuhi, kando ya maji au kwa wachuuzi wanaopanda mitaani na beseni kichwani.

"Mama, hizi ni za leo?"

"Za leo, mwanangu. Angalia macho."

Na kweli unaangalia macho. Ya usiku uliopita ni meusi na yamejaa. Ya juzi yamezama na yana ukungu. Tumbo likiwa limepasuka, wanafaa kukaushwa, si kukaangwa. Mnunuzi mzoefu hupenyeza vidole hadi chini ya beseni, kwa kuwa wazuri hupangwa juu, na muuzaji mzoefu humwacha apenyeze huku akitazama kwingine kama mtu ambaye hajaguswa.

Nyumbani kuna shule mbili. Wengine huminya kila samaki kwa kidole gumba chini ya shavu, uchafu ukatoka na kichwa. Wengine huwaosha tu na kuwapika wazima, na mimi niko upande wao: uchungu kidogo wa tumbo la sambaza ndio unaotofautisha samaki huyu na chipsi zenye chumvi. Jambo ambalo shule zote mbili zinakubaliana ni maji. Samaki lazima wachujwe wakauke, wapakwe chumvi, waachwe kidogo juani kwenye ungo. Ukiwatia katika mafuta wakiwa na maji watashikana, wewe utaungua mkono, na utapata uji wa samaki. Mafuta yawe mengi na ya moto kweli, samaki waingie kidogo kidogo, na usiwaguse hadi watakapoacha kupiga kelele. Kelele ni maji yanayotoka, zikinyamaza, wamekauka. Kisha limau na pilipili mbichi iliyopondwa na chumvi. Huliwa kichwa na mifupa, kwa bugali au kwa makemba, ndizi za kupika, ya kukaanga, na katika mji ambao watoto wengi hawapati maziwa, mifupa hiyo midogo ina kazi kubwa kuliko ladha.

Sasa sombe. Majani ya muhogo huliwa kuanzia Sierra Leone hadi Zanzibar, ambako huitwa kisamvu, na Kinshasa huitwa pondu. Kila mji unasema ya kwake ndiyo halisi. Sina nia ya kuamua kesi hiyo. Nitaeleza tu jinsi ya Bukavu inavyofanywa, na kwa nini haifanani na ya Kinshasa.

Huanza na majani machanga, yale matatu au manne ya ncha ya tawi, pamoja na kikonyo chake laini. Yanapitishwa kwenye maji ya moto au yanababuliwa kidogo ili yalegee, halafu kinu. Kutwanga sombe ni kazi ya bega, na zamani mlio wa vinu saa nne asubuhi ulikuwa saa ya mtaa. Siku hizi wengi hununua iliyokwisha kusagwa kwa mashine, ikiuzwa kwa mafungu sokoni, kijani kibichi na inatoka povu. Wazee wanasema ya mashine haina ladha. Wana hoja nusu: mashine hukata, kinu huponda, na jani lililopondwa hutoa utelezi wake wote. Lakini wanaosema hivyo mara nyingi si wao waliokuwa wanatwanga.

Kuponda huko kuna kazi ya pili, isiyoonekana. Jani la muhogo lina sumu, na sumu hiyo inalala mpaka chembe za jani zivunjwe. Ikivunjwa inageuka gesi ya sianidi, na gesi hiyo hutoroka na mvuke. Ndiyo maana sufuria ya sombe haifunikwi mwanzoni. Msichana anayejifunza kupika Bukavu haambiwi habari ya kemia. Anaambiwa, "Acha wazi, itoke harufu," na akifunika anachapwa mkono na mwiko. Maji ya kwanza huchemka wazi kwa muda mrefu, hadi ile harufu kali ya majani mabichi ibadilike na kuwa kama ya nyasi zilizokatwa, na rangi ishuke kutoka kijani cha kung'aa hadi kijani cha zeituni. Hapo tu ndipo viungo vinaingia.

Na viungo ndipo mji unapojisema. Kitunguu, nyanya chungu au biringanya zilizokatwa vipande vikubwa ili zisipotee, pilipili nzima isiyopasuliwa. Halafu poro na seleri, mboga za bustani za Wabelgiji, ambazo milima hii ya baridi kwenye mita 1,500 inazistawisha vizuri kuliko joto la Kinshasa na ambazo zimeingia katika sombe ya Bukavu hadi hakuna anayeziona kuwa ngeni. Karanga zilizosagwa kwa nyumba zinazopenda mchuzi mzito. Ndagala wakavu kutoka Uvira, waliopanda kwa lori kupitia makona ya Ngomo, barabara ambayo madereva huiongelea kwa sauti ya chini. Mwisho mawese.

Mchikichi haupendi baridi ya Bushi, nchi ya Washi. Mafuta mekundu hutoka mabondeni na msituni, upande wa Mwenga, Shabunda na Fizi, yanafika kwa madumu ya njano, na kwa kuwa asubuhi za Bukavu ni baridi hufika yameganda nusu, tabaka la rangi ya chungwa chini na mafuta mekundu juu. Muuzaji mwaminifu hutikisa dumu kabla ya kupima. Asiye mwaminifu humimina yale ya juu kwa rafiki zake na kuwaachia wengine mashapo. Katika sombe mawese huingia mabichi, hayakaangwi, mboga ikiwa karibu kuiva, na sufuria huachwa kwenye moto mdogo hadi mafuta yapande juu na kufanya duara jekundu ukingoni. Duara hilo likionekana, sombe imeiva. Kabla ya hapo, hata ukiwa na njaa ya mbwa, ungoje.

Mtu atauliza: saa ngapi? Saa mbili kwa majani machanga, tatu kwa yaliyokomaa, na kila saa ni makala. Hapo ndipo vita huingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Mizizi ya muhogo, hasa ile michungu, nayo lazima ilowekwe siku tatu au nne kabla ya kuanikwa na kusagwa. Familia iliyokimbia, au yenye shamba linaloporwa, haina siku nne. Inaloweka moja na kula. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu yote miwili ghafla na bila kurudi, uliandikwa kwa mara ya kwanza na daktari Trolli mwaka 1938 huko Kwango, magharibi mwa Kongo. Kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa mbali. Mwaka 2011 madaktari walichapisha taarifa ya wagonjwa wake Kivu Kusini, wakiuhusisha na hali ya vita. Huwapata zaidi watoto na wanawake. Muhogo uliletwa na Wareno kutoka Brazil hadi pwani ya Kongo katika karne ya 16, na pamoja na mmea ilibidi watu wabuni namna ya kuula. Namna hiyo ni subira, na subira huhitaji amani.

Kwa bugali wenyewe nitakuwa mfupi, kwani kila msomaji wa kitabu hiki ana maoni yake tayari. Wa Bukavu ni wa muhogo, au wa muhogo na mahindi vilivyochanganywa, na wanaokula wa mahindi matupu hutazamwa kama watu wa Lubumbashi. Wa muhogo huiva upesi, jambo lenye maana kwa mwenye makala machache: maji yakichemka, unga, mwiko, mkono wenye nguvu, na baada ya dakika chache bonge linang'aa na kuvutika. Uzuri wake ni kuteleza. Ugali wa mahindi hutafunwa. Huu humezwa, na mchuzi ndio unaoubeba.

Nje ya mji, kwenye vilima vya Walungu na Kabare, chakula cha zamani kilikuwa kingine: mtama, ulezi, magimbi, ndizi, na maziwa ya mgando ya ng'ombe wa Washi, mashanza, ambayo bado huletwa mjini kwenye vidumu na bado hupewa mgeni wa heshima. Maharagi nayo yalikuja kutoka Amerika, lakini mlima umeyachukua kabisa. Hapa wanapanda yale yanayopanda mti, hupata mengi kwenye kishamba kidogo, na kituo cha utafiti cha INERA huko Mulungu kimeshughulika na mbegu zake kwa vizazi. Pishi lake zuri kuliko yote ni rahisi: maharagi yaliyolowekwa usiku kucha, yachemke hadi yaanze kupasuka, ndizi mbichi zilizomenywa ziingie humo humo zikiwa nzima, na pembeni kikaango kidogo cha mawese na kitunguu kilichokaangwa hadi ncha ziwe nyeusi. Hicho kinamwagwa juu, sufuria inalia mara moja, inafunikwa. Ndizi hunywa mchuzi wa maharagi na kuwa zambarau. Siyo chakula cha kupigwa picha.

Nyama ina historia ya ajabu zaidi. Ukiingia katika jiko la kijijini Kivu Kusini, jiko lile la nyumba ya pembeni lenye giza na moshi, simama kidogo macho yazoee. Sakafu itaanza kutembea. Ni dende, panya wa Andes, wanyama wa Peru na Bolivia, wanaofugwa kati ya mafiga na kulishwa maganda ya viazi na majani. Hawahitaji banda. Mimba yao huchukua miezi miwili na kitu, kila uzao watoto wawili au watatu, na mara nyingi mali hiyo ni ya watoto wa nyumba, ambao huuza mmoja wakitaka daftari. Wataalamu wa mifugo walikaa muda mrefu bila kuwahesabu, kwa sababu swali lao lilikuwa "Una ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi?" na mtu akajibu kwa ukweli kwamba hana.

Sababu ya dende kuenea hapa si ladha. Tangu 1996 makundi yenye silaha yamepita vilimani tena na tena, na kila lililopita liliondoka na ng'ombe, halafu mbuzi, halafu kuku. Ng'ombe hafichwi. Dende huingia chini ya kitanda, au kwenye kikapu ukikimbia. Hupikwa kama sungura: huchunwa au huunguzwa manyoya kwa maji ya moto, hukatwa vipande vinne, hukaangwa kidogo, kisha nyanya na kitunguu na maji, moto wa polepole. Nyama yake ni laini na ina mafuta mengi kuliko ya sungura. Mjini wapo wanaoionea haya na kuiita chakula cha watoto, kisha wanauliza kama imebaki.

Siku za sherehe meza hubadilika lugha. Pilau huja na watu wa Maniema, ambao babu zao walijifunza mpunga kutoka kwa misafara ya Waswahili na Waarabu wa Kasongo na Nyangwe katika karne ya 19, njia ile ile iliyopita Ujiji na Uvira. Pilau ya Bukavu haina haya: iliki na mdalasini kidogo, kitunguu kingi, karoti na njegere ndani, na pembeni kachumbari ambayo imekutana na Ubelgiji na kuvikwa mayonezi. Niliwahi kumwona mtu wa Tanga akiitazama sahani hiyo kwa huzuni ya kweli. Chapati, sambusa na mandazi ni vya kila asubuhi. Jibini ya Masisi hufika kwa boti kutoka Goma, magurudumu ya njano yanayofanana na gouda kwa sababu mapadri Wabelgiji walioanzisha kazi hiyo walitaka gouda. Kutoka Kinshasa, kwa ndege, pamoja na maofisa wa serikali, zilikuja chikwange, mikate ya muhogo, na samaki wa liboke, aliyefungwa kwenye majani na kuwekwa juu ya makala, na liboke ndiyo iliyopokewa vizuri kuliko zote, kwa kuwa mfuko wa majani haudai sufuria. Unakaa kando ya moto huku kazi nyingine inaendelea.

Kuna mgeni mmoja ambaye simkaribishi, nao ni mchemraba wa Maggi. Najua hoja zote. Ni rahisi, hukoleza, na mama mwenye ndagala kiganja kimoja kwa watu tisa ana haki ya kutafuta ladha popote. Lakini sombe yenye michemraba mitatu ina ladha ile ile iliyo katika maharagi yenye michemraba mitatu. Ukitaka kujua kama mpishi anajiamini, angalia kopo lake la takataka.

Sokoni mambo hutegemea barabara na mpaka. Nyanya, viazi na kabichi hushuka kutoka Kabare vichwani mwa wanawake wanaoondoka nyumbani gizani. Vitunguu, unga na mayai huvuka daraja la Ruzizi kutoka upande wa Rwanda, mikononi mwa wachuuzi wadogo ambao huenda na kurudi siku hiyo hiyo. Katikati ya Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, maghala ya Mpango wa Chakula Duniani yaliporwa, karibu tani 7,000 za chakula, benki zikafungwa, na pesa taslimu ikawa adimu kuliko unga. Mpishi alijibu kwa mpangilio ule ule aliouzoea, isipokuwa alipunguza kutoka mbele: maharagi kwanza, kisha mafuta ya kukaangia, kisha kitunguu. Majani ya muhogo, ya viazi na lengalenga yalibaki, kwa kuwa huota hata kandokando ya ngazi za mitaa ya Kadutu, na pilipili ikaongezwa ili bugali mwingi upite na mboga kidogo. Pilipili ya Kivu, ndogo na nyekundu, kazi yake ya kwanza imekuwa hiyo siku zote.

Walioondoka huendelea kupika. Huko Matonge, mtaa wa Waafrika katika wilaya ya Ixelles mjini Brussels, majani ya muhogo huuzwa yamegandishwa kwenye mifuko ya plastiki, yameshasagwa laini mno, na mtu wa Bukavu huyaongezea poro aliyoikuta hapo hapo, bei rahisi, katika nchi ilikotoka. Ndagala wakavu wanapatikana. Sambaza mbichi hazipatikani, na dagaa wa baharini wanaojaribiwa badala yake wana mafuta mengi, hawakauki, hawanyamazi kwenye kikaango hata moto ukoleze vipi.

Jambo moja halijabadilika popote nilipokula sombe, Kadutu, Kampala au Brussels: ya siku ya pili ni bora. Ikilala usiku mmoja mawese huingia ndani ya jani, utelezi unakaza, ndagala wanalegea na kutoa chumvi yao. Asubuhi inapashwa na maji kidogo na kuliwa na mkate, au na kiporo cha bugali kilichokatwa vipande na kukaangwa hadi kiwe na ganda. Haitoshi kamwe kwa nyumba nzima. Anayeamka wa kwanza ndiye anayekula. Wengine wanakunywa chai.